Salfa ya mikorosho, sulfa ya kidonge: ubadili dawa, ubadili kiwanda, au uchanganyiwe yako?

Mwezi wa saba, mikorosho ikianza kutoa maua, alikuja famasi kwetu hapa Mtwara mjini mzee mmoja wa upande wa Tandahimba. Kofia, mabega, hata kope zake zilikuwa na unga wa njano. Alikuwa amepuliza shamba alfajiri, kisha akadandia gari bila kupitia nyumbani. Nikamwamkia, akaitikia, tukaulizana hali za huko na za huku, halafu akainama juu ya kaunta kama mtu mwenye siri.

"Mwanangu, nataka unichanganyie dawa ya presha isiyo na salfa. Mimi na salfa hatupatani tangu enzi za Fansidar."

"Na huo ulionao mabegani ni nini, mjomba?"

Akajitazama. Akacheka mpaka akashika kaunta. "Huu nao si salfa?"

Ni salfa, ila si ile. Unga unaopulizwa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaoua maua, ni kiberiti, madini ya njano yaliyosagwa. Sulfa ya kwenye dawa ni jina la ukoo mzima: Septrin, SP ya malaria ambayo watu waliizoea kwa majina ya Fansidar na Orodar, ndugu yake Metakelfin, na pia ile krimu nyeupe ya majeraha ya moto, silva salfadiazini. Ndani ya molekuli za ukoo huo kiberiti kimo, lakini mwili unaoukataa ukoo huo unakataa umbo zima la molekuli, haukatai kiberiti. Kiberiti kimo kwenye mayai, kwenye kitunguu saumu, na kwenye nywele na kucha za huyo huyo anayelalamika. Ndiyo maana mtu aliyevimba kwa Septrin anaweza kupaka dawa ya upele iliyotengenezwa kwa kiberiti na vaselini, asipatwe na lolote la mzio huo.

Kusini huku majina hayo mawili yanachanganywa kila msimu, na kuchanganya majina kunazaa maamuzi mabaya. Nimekutana na watu waliokataa dawa wanayoihitaji kwa sababu "ina salfa", na wengine waliomeza sulfa yenyewe bila kujua kwa sababu boksi liliandikwa jina la kiwandani. Mzee wangu alikuwa na la ziada: kijana wake wa Dar alimwambia siku hizi mtu anaweza kuchanganyiwa dawa yake peke yake, ikatolewa kinachomdhuru. Hilo lipo kweli. Swali ni kama linamfaa yeye, au wewe, ukilipima na njia nyingine zilizopo.

Ndani ya kidonge kuna vitu viwili

Kabla ya kulinganisha chochote, jua unalinganisha kwa ajili ya nini. Kidonge kina kiini, yaani dawa yenyewe, na kina vijazio: wanga au laktosi ya kukipa mwili, rangi, kinachokigandisha kisivunjike, utamu na kihifadhi kwenye dawa za maji, mafuta kwenye baadhi ya sindano, jelatini kwenye ganda la kapsuli. Mara nyingi kiini ni sehemu ndogo ya unachokimeza.

Mzio wa dawa kwa sehemu kubwa ni wa kiini. Wa vijazio upo, ila ni nadra zaidi. Kuna rangi ya njano iitwayo tatrazini, ambayo wachache huwatoa vipele au kuwabana kifua. Kuna mafuta ya karanga ndani ya baadhi ya kapsuli za homoni. Na kuna moja ambayo wenzetu wa Lindi na Nachingwea, wakulima wa ufuta, wangeshangaa kuisikia: baadhi ya sindano za kudumu za magonjwa ya akili, zile zinazochomwa kila baada ya wiki kadhaa, dawa yake imeyeyushwa ndani ya mafuta ya ufuta. Mtu anayevimba midomo akila kashata za ufuta amwambie muuguzi hilo kabla ya sindano, si baada.

Utajuaje ni kipi? Usijaribu kwa kumeza. Tazama nyuma, historia yako itasema. Kama dawa ileile imekudhuru ikiwa ya viwanda tofauti, ya maji na ya kidonge, kiini ndicho kinashukiwa. Kama umedhurika na dawa tatu zisizo na undugu, moja ya kikohozi, moja ya vijidudu, moja ya vitamini, na zote zilikuwa za njano au za chungwa, sasa geuza macho kwenye kijazio. Na ukikumbuka kwamba soda au pipi za rangi hiyo nazo hukuwasha, tayari una jambo la kumweleza daktari.

Kuna la tatu ambalo si mzio kabisa. Watu wa umri wangu wanakumbuka mwasho wa klorokwini: unameza jioni, usiku kucha unajikuna mpaka unatamani brashi ya viatu. Nchi ilipoiacha klorokwini mwaka 2001 na kuingia SP, wengi walishukuru kwa hilo tu. Lakini mwasho ule haukuwa mzio kwa maana yake halisi, ulikuwa tabia ya dawa kwenye miili ya wengi wetu. Kadhalika kutapika kwa doksisaiklini iliyomezwa tumbo tupu, au kuharisha kwa amoksilini. Ni madhara, yana dawa yake, na hayakuandikii marufuku ya maisha.

Nawe mbanguaji wa korosho, mafuta ya ganda yanachoma. Yanatoa malengelenge na kubadilisha ngozi ya vidole ikawa nyeusi. Kama ulianza kumeza dawa wiki ileile uliyoanza kubangua, usikimbilie kuilaumu dawa. Ila hapo kuna mtego: ukienda na majeraha hayo, unaweza kupewa ile krimu nyeupe ya kuungua, nayo ni sulfa. Sema mapema.

Kubadili dawa dhidi ya kung'ang'ania ileile

Njia ya kwanza na ambayo mimi naiweka mbele ya zote: acha ukoo huo wa dawa, chukua mwingine. Haina mbwembwe, ndiyo maana watu huidharau. Mwenye mzio wa penisilini ana azithromaisini, ana doksisaiklini kama ni mtu mzima asiye mjamzito, na mara nyingi anaweza hata kupewa seftriaksoni, kwa sababu muingiliano wa penisilini na ndugu zake hao wa mbali ni mdogo kuliko tulivyofundishwa zamani. Kwa jumla ni kama watu 2 katika 100 au pungufu. Mwenye mzio wa sulfa akipata malaria anatibiwa kwa dawa mseto, ambayo haina sulfa hata chembe. (Jina "mseto" lisikuchanganye. Ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja cha kiwandani, wala haikuchanganywa kwa ajili yako. Iliingia badala ya SP mwishoni mwa mwaka 2006.)

Uzuri wa njia hii ni kwamba dawa ya pili ipo zahanati ya kijijini kwako, imepimwa kiwandani, na bei yake inajulikana. Ubaya upo pia, tusiufiche. Dawa mbadala wakati mwingine ni dhaifu kwa ugonjwa ule, au ina madhara yake. Mtoto mwenye moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi anayechomwa penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kumbadilishia si jambo la kaunta. Kaswende kwa mama mjamzito vivyo hivyo: penisilini ndiyo inayomlinda mtoto tumboni, na mbadala haujaifikia. Kwa hao, ile njia ya kuhakiki nitakayoieleza mbele ndiyo ya kwanza.

Kwa mzee wangu wa Tandahimba njia hii ilimaliza kazi. Dawa aliyoiogopa ilikuwa ya kukojoza, ya jamii ya haidroklorothiazaidi. Ni kweli ina undugu wa kimolekuli na sulfa, sawa na Lasix, lakini undugu huo ni wa mbali, na wengi wenye mzio wa Septrin huzitumia bila shida. Yeye, hata hivyo, alinieleza kwamba mwaka ule wa Fansidar mdomo ulitoka vidonda na ngozi ya mgongo ilichubuka. Kwa mtu mwenye historia kama hiyo sikuwa na mamlaka ya kumwambia "meza tu". Nilimrudisha kwa daktari na karatasi.

Na ombi lake la kumtolea sulfa kwenye kidonge kile? Haliwezekani, maana hapo sulfa ndiyo kidonge. Ni kama kumwambia mpishi apike wali, ila mchele autoe. Hili ndilo ambalo wengi wanaoulizia kuchanganyiwa hawajaambiwa: kuchanganya kunaondoa vijazio. Kiini hakiondoki.

Kubadili kiwanda au umbo

Njia hii ni ya wale wachache wenye mzio wa kijazio, na ni rahisi kuliko wanavyodhani. Amoksilini ya maji ya kiwanda kimoja ni ya njano, ya kingine ni nyeupe au ya waridi. Tena kwa watoto siku hizi kuna vidonge vya amoksilini vya kuyeyusha kwenye kijiko cha maji, ambavyo havihitaji chupa ya sirapu. Anayesumbuliwa na ganda la kapsuli achukue kidonge. Hili hata kwa Waislamu wanaouliza jelatini imetoka kwa mnyama gani, swali ninaloulizwa kila wiki, jibu huwa lilelile: uliza kama kuna kidonge au dawa ya maji ya kiini hichohicho, mara nyingi ipo.

Unachohitaji ni karatasi ya maelezo iliyokunjwa ndani ya boksi. Usiitupe, na usikubali kuuziwa vidonge vilivyokatwa kwenye shiti bila kuonyeshwa boksi kama una mzio wa kijazio. Hapo ndipo maduka ya dawa muhimu yanapokwama. Yalianzishwa mwaka 2003 kwa jirani zetu wa Ruvuma, yakasambaa nchi nzima, na yameokoa vijiji vingi na safari ndefu. Lakini mtoa dawa anauza alicholetewa wiki hiyo. Wiki hii kiwanda hiki, wiki ijayo kile. Kama rangi fulani inakudhuru, nunua dozi yote kwa mkupuo, boksi moja.

Kuhusu laktosi niseme kifupi. Kiasi kilichomo kwenye kidonge ni kidogo mno, na tumbo linalojaa gesi ukinywa maziwa fresh si mzio. Sijaona haja ya mtu kusumbuka kwa hilo.

Kuchanganyiwa dawa yako

Sasa tufike kwenye lenyewe. Kuchanganyiwa maana yake mfamasia anaandaa dawa kwa ajili ya mgonjwa mmoja, kwa cheti cha daktari. Anapima kiini kwenye mizani, anakiweka ndani ya kitu ambacho mgonjwa anakivumilia (vaselini tupu, maji yenye kizito kisicho na rangi, kapsuli isiyo ya jelatini), anabandika lebo ya jina, kipimo na siku ya mwisho. Marekani na Uingereza kuna famasi zinazoishi kwa kazi hiyo. Kwetu hufanyika zaidi kwenye famasi za hospitali kubwa. Mfano mzuri upo Moshi: KCMC, pamoja na kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hapo tangu mwaka 1992, wanatengeneza wenyewe dawa za kupaka, na ndiko yanakotoka mafuta ya Kilisun ya kuwakinga ndugu zetu wenye ualbino na jua.

Hilo la ngozi si bahati tu. Kuchanganya kunashinda njia nyingine waziwazi kwenye dawa za kupaka. Krimu ya kiwandani ina manukato, ina kihifadhi, pengine ina mafuta ya sufi ya kondoo, na vyote hivyo vinajulikana kwa kuwasha ngozi za baadhi ya watu. Mgonjwa anapaka dawa ya ukurutu, ukurutu unazidi, anaongeza dawa, nao unaongezeka. Mchanganyie dawa ileile ndani ya vaselini nyeupe isiyo na kingine chochote, na umekata mzunguko huo. Kazi yenyewe haihitaji mashine za ajabu, inahitaji mizani ya kweli, kisu bapa, kioo cha kuchanganyia, na mtu aliyesomea. Vaselini haina maji, kwa hiyo vijidudu havioti haraka, na dawa inadumu.

Dawa ya kumeza ni habari nyingine. Hapa kuna kitu ambacho nadhani ndicho muhimu kuliko vyote nitakavyoandika. Hospitali zetu nyingi zikisema zitakuchanganyia dawa ya maji, zinasaga vidonge vya kiwandani kwenye kinu na kuvitia kwenye maji yenye kizito. Kwa mtoto anayehitaji robo ya dozi ya mtu mzima, hiyo ni kazi nzuri na ya lazima. Lakini kwa mwenye mzio wa kijazio ni bure, kwa kuwa rangi, laktosi na wanga vimesagwa pamoja na kiini na vimo vyote ndani ya chupa. Ili uvikwepe, mfamasia anatakiwa awe na unga halisi wa kiini, wenye hati ya ubora. Unga huo si kitu cha kukuta rafuni Mtwara wala Lindi. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza anayekuahidi kukuchanganyia si bei. Muulize: "Unaanza na kidonge au na unga?" Akisita, umepata jibu.

Kisha kuna suala la kudumu. Dawa ya maji iliyochanganywa bila kihifadhi, na pengine kihifadhi ndicho ulichokikimbia, kwa kawaida haipewi zaidi ya siku 14, tena kwenye friji. Hesabu mwenyewe. Kama imechanganywa Dar, kilomita zaidi ya 500 kutoka hapa, imewekwa kwenye boksi la barafu ikapanda basi, siku yake ya kwanza imeishia njiani. Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ikakatika upande wa Somanga, mabasi yalilala njiani. Ukifika umeme nao una ratiba yake. Dawa ya presha au ya kifafa, ya kila siku ya maisha, kuitegemea kwenye mnyororo kama huo ni kujitafutia siku za kukosa dozi, na kukosa dozi ya kifafa kunaumiza kuliko vipele.

Halafu kuna usalama wa dawa yenyewe. Kidonge cha kiwandani kimepimwa kwa mafungu, TMDA, mamlaka ya dawa nchini, wana namba yake ya usajili, na kikileta balaa kinaweza kurudishwa nchi nzima. Chupa yako moja haina hayo yote. Mwaka 2012 huko Marekani, sindano za uti wa mgongo zilizochanganywa na famasi moja ya Massachusetts ziliingiwa na ukungu, na zaidi ya watu 60 wakafa. Na sulfa yenyewe ina kaburi lake kwenye historia hii. Mwaka 1937, hukohuko Marekani, kampuni moja iliyeyusha sulfa ndani ya daiethilini glaikoli ili iwe dawa tamu ya maji. Zaidi ya watu 100 walikufa, wakiwemo watoto wengi. Kiini hakikuwa na kosa. Kilichoua ni kijazio, kitu cha kundi lilelile ambalo leo watu wanakwenda kuchanganyiwa ili walikwepe. Mwaka uliofuata ndipo ikatungwa sheria kwamba dawa ithibitishwe usalama wake kabla ya kuuzwa.

Sisemi haya ili kuitia doa kazi ya wenzangu. Nasema kwa sababu mitaani kwetu kuna uchanganyaji mwingine, na unavaa nguo za huu. Mkorogo ni kuchanganya dawa. Anayekukorogea krimu tatu kwenye kopo la plastiki "kwa ajili ya ngozi yako yenye aleji" anakupa steroidi kali, pengine na kemikali ya kuchubua, bila mizani na bila lebo. Ngozi inatulia wiki mbili, unamsifu, kisha inakuwa nyembamba kama karatasi ya sigara. Kama kopo halina jina la dawa, kipimo, jina lako na tarehe, hiyo haikuchanganywa. Imekorogwa.

Mitishamba nayo ina viini, wala sina ugomvi nayo hapa. Tatizo ni kwamba ikikudhuru hujui uandike nini kwenye kadi.

Kuhakiki mzio wenyewe, na kuuzoesha mwili

Njia hii inaonekana ya kizungu lakini ina faida kuliko inavyoonekana. Marekani, karibu mtu mmoja katika kila kumi ameandikiwa mzio wa penisilini, na wakipimwa ipasavyo zaidi ya tisa katika kumi ya hao wanakutwa hawana. Wengine walipata vipele vya virusi wakiwa watoto, dawa ikasingiziwa. Wengine walikuwa nao kweli, ukaisha kwa miaka. Hapa kwetu sina hesabu, ila nikiwauliza watu "ilikuwaje?" wengi hujibu "mama aliniambia".

Kuhakiki hufanyika hospitalini, si dukani. Ukiwa Mtwara anzia Ligula, au hospitali ya rufaa ya kanda iliyopo Mitengo. Ukiwa Lindi ni Sokoine. Walio bara ya Masasi wana Ndanda, hospitali ya Wabenediktini waliofika huko tangu mwaka 1906, na wa upande wa Mtama wana Nyangao. Daktari atakuhoji kwa kina. Akiona historia yako ni nyepesi na ya zamani, anaweza kukupa dozi ndogo mbele ya macho yake, sindano ya adrenalini ya kumwokoa mwenye mzio mkali ikiwa mezani, na kukukalisha usubiri. Uliza kwanza kwa simu kama siku hiyo yupo wa kufanya hivyo, usije ukapoteza nauli.

Kuuzoesha mwili ni hatua zaidi. Wanaohudhuria CTC, kliniki za VVU, wanaijua au wanapaswa kuijua: mtu anayehitaji Septrin ya kinga na aliwahi kutoka vipele vyepesi, anaweza kuanzishiwa dawa ya maji kidogo sana, ikaongezwa kila siku, mpaka siku ya sita anapokea dozi kamili. Hapa kwa kweli kugawa dozi ndogo kwa usahihi kunafanya kazi ambayo kidonge kizima kisingeweza. Ikishindikana, kuna dapsoni, ingawa nayo si ya kila mtu.

Lakini kuna watu ambao njia hii kwao imefungwa. Kama dawa iliwahi kukutoa malengelenge, ngozi ikachubuka, vidonda vikatokea mdomoni, machoni au sehemu za siri, basi hakuna kuhakiki kwa kumeza, hakuna kuzoesha, hakuna dozi ndogo. Dawa ile na ndugu zake wa karibu umeachana nazo. Hiyo ndiyo ilikuwa hali ya mzee wangu.

Nani achague nini

Mama mjamzito mwenye mzio wa sulfa: SP ya kliniki, ile unayomezeshwa mbele ya muuguzi, usiimeze. Sema kabla kikombe cha maji hakijafika mkononi, maana foleni ya kliniki huenda haraka. Hakuna haja ya kuchanganyiwa chochote. Chandarua kila usiku, na homa yoyote upime siku hiyohiyo, sisi ni watu wa mikoa yenye malaria. Anayemeza Septrin kila siku naye hapewi SP, hata kama hana mzio.

Mtoto anayewashwa na sirapu: badilisha umbo. Vidonge vya kuyeyusha kwanza, kiwanda kingine cha pili, kuchanganyiwa mwisho kabisa.

Mwenye ukurutu unaozidi kwa kila krimu: huyu ndiye mteja halali wa kuchanganyiwa. Mwone daktari wa ngozi, akiandika cheti cha dawa ndani ya vaselini tupu, pesa hiyo itakwenda mahali pake.

Mgonjwa wa sindano ya mafuta ya ufuta mwenye mzio wa ufuta: vidonge vya kila siku vya kiini hichohicho, au sindano nyingine. Familia isimamie umezaji.

Mwenye mzio wa kiini chochote, wa kweli na mkali: badilisha ukoo wa dawa, na upange namna ya kufika hospitali. Sindano za adrenalini za kujichoma mwenyewe zinazosifiwa mitandaoni si kitu cha kukikuta kwenye duka la mtaani huku, ila adrenalini ya ampuli ipo kwenye vituo. Ukimeza dawa na ndani ya dakika chache koo likabana, midomo ikavimba, kifua kikapiga filimbi au ukaishiwa nguvu, usitafute maziwa wala vidonge vya mafua. Bodaboda, kituo cha karibu, na neno moja: "dawa imenidhuru". Mtu mzima huchomwa nusu miligramu kwenye misuli ya paja, upande wa nje, na kila dakika ina hesabu yake. Baadaye wakumbushe wajaze ile fomu ya njano ya TMDA.

Vyovyote utakavyochagua, andika. Jina la kiini, si la kiwandani. Mwaka. Kilichotokea. "Aleji ya salfa" haimsaidii yeyote. "Sulfadoksini, mwaka 2004, vidonda mdomoni na ngozi kuchubuka" inamsaidia hata daktari asiyekujua na wewe huwezi kuongea.

Maneno hayo (sulfadoksini ndiyo sulfa ya ndani ya Fansidar) ndiyo niliyomwandikia mzee kwenye kipande cha boksi, akakikunja ndani ya kasha la simu. Daktari alimwanzishia amlodipini, kidonge cha kawaida, kisicho na sulfa, kinachopatikana mpaka Tandahimba. Wiki mbili baadaye alirudi kuchukua dozi ya mwezi. Presha ilikuwa imeshuka, na unga wa njano ulikuwa palepale mabegani.

"Kwa hiyo hii ya shambani niendelee nayo?"

"Endelea mjomba, lakini vaa barakoa. Hiyo inamkohoza hata asiye na mzio."

"Barakoa ninayo," akasema, akitafuta kitu mfukoni. "Ila ikifunika pua, ugoro nitauvutaje?"